Lugha haina sura: somo la isimujamii katika kazi ya Florence Kasumba

Katika makala haya ninaeleza jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha hulikariri darasani na kulisahau tukifika nje: lugha ya mtu hutokana na mahali alipokulia na watu aliozungumza nao, wala haitokani na sura yake au kabila la wazazi wake. Mfano wangu ni Florence Kasumba, mwigizaji wa jukwaa na televisheni. Nimemchagua kwa sababu kazi yake imepita katika lugha kadhaa, na kila hatua inatufanya tuulize nani hutarajiwa kusema lugha gani.

Kasumba alizaliwa Kampala, Uganda, mwaka 1976, akakulia Essen, mji wa magharibi mwa Ujerumani uliojengwa juu ya makaa ya mawe na chuma. Kijerumani ni lugha ya utoto wake. Akiwa na miaka 12 alitazama Starlight Express, mchezo wa kuimba na kucheza unaoonyeshwa Bochum, jirani na Essen, akavutiwa na jukwaa. Baadaye alivuka mpaka hadi Tilburg, Uholanzi, akasomea uigizaji, uimbaji na dansi katika chuo cha Fontys. Alikuwa bado mwanafunzi alipoonekana katika filamu ya Kiholanzi, Ik ook van jou, ya mwaka 2001.

Kisha ikaja miaka ya jukwaa. Aliigiza katika michezo kama Chicago, Cats na The Lion King. Mwaka 2003, katika mji uleule wa Essen, alipewa uhusika mkuu katika Aida ya Elton John na Tim Rice. Aida ni binti mfalme wa Nubia aliyetekwa na Wamisri. Tazameni mpangilio huo: msichana aliyekulia Essen anasimama Essen, anaimba kwa Kijerumani, lakini mtazamaji anaambiwa huyu ni mgeni kutoka mbali. Kwa maoni yangu, hivyo ndivyo mlango wa kwanza unavyomfungukia mwigizaji mhamiaji. Lugha yake inakubalika maadamu hadithi yenyewe inaeleza sura yake.

Televisheni ilimfungulia mlango mwingine. Tatort ni mfululizo wa hadithi za polisi unaotazamwa Ujerumani Jumapili jioni tangu 1970. Tarehe 3 Februari 2019, yaani baada ya miaka 48, Kasumba aliingia humo kama mpelelezi wa mji wa Göttingen, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo katika mfululizo huo. Mhusika wake anaitwa Anaïs Schmitz. Katika isimu ya majina, Schmitz ni jina la ukoo la eneo la mto Rhein, lenye asili moja na Schmidt, yaani mhunzi. Sisi Waluba, ambao hadithi zetu za wafalme humpa mhunzi heshima kubwa, tungelisikia kama jina la mtu wa nyumbani. Wajerumani nao hulisikia hivyohivyo. Binti mfalme wa Nubia alikuwa amepita njia tu, lakini Schmitz ana ofisi, cheo na jirani.

Filamu za Marekani zilimrudisha Afrika, ila Afrika ya kubuniwa. Kuanzia Captain America: Civil War ya 2016, kupitia Black Panther ya 2018, hadi mfululizo wa televisheni The Falcon and the Winter Soldier wa 2021, yeye ni Ayo, mlinzi wa Wakanda. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa, ambacho John Kani wa Afrika Kusini alikileta katika filamu hiyo ya kwanza kwa kuwa ni lugha yake. Mtazamaji huona Mwafrika akisema lugha ya Kiafrika, asishangae. Mwanaisimu anapaswa kushangaa kidogo: kwa mtu aliyekulia Essen, vidoko vya Kixhosa ni vigeni kama vilivyo kwa mwigizaji yeyote wa Munich. Hukaririwa na kufanyiwa mazoezi.

Uhusika mmoja unatugusa sisi moja kwa moja. Katika The Lion King ya 2019, Kasumba ni sauti ya fisi Shenzi. Jina hilo ni neno letu. Pwani, mshenzi alikuwa mtu wa bara asiyestaarabika, na kustaarabika kwenyewe, kwa asili ya neno, ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Neno hilo lilisafiri hadi Kongo likawa basenji, watu wa porini, kinyume cha wale ambao Wabelgiji waliwaita évolués. Kila lilipofika lilifanya kazi ileile ya kumpima mtu kwa alikotoka.

Kipimo hicho bado tunacho Kabongo. Watu wetu hupanda gari moshi kwenda Kamina, na kutoka huko wengi huendelea hadi Lubumbashi na Kolwezi. Watoto wao wakija likizo husema Kiswahili cha mjini na Kifaransa. Bibi akiwasalimu kwa Kiluba, hucheka tu. Wazee husema watoto hawa wameukana ukoo. Watoto nao, wakikasirika, huwaita binamu zao basenji. Pande zote mbili zimekosea kwa namna moja: zimeifanya lugha kuwa hukumu, ilhali ni kumbukumbu ya maisha ya mtu.

Kwa hiyo ninapendekeza jambo la vitendo katika utafiti wetu. Madodoso mengi tunayotumia huanza na kabila la mtoa habari, kisha huchukulia kuwa lugha inafuata. Tuanze na maswali mengine: ulikulia wapi, nani alikulea, ulicheza na nani, ulisoma kwa lugha gani? Kwa dodoso la kabila, Kasumba angeandikwa msemaji wa lugha ya Uganda, na Kijerumani chake kingekosa mahali pa kuandikwa. Mtoto wa Kabongo aliyezaliwa Kolwezi huandikwa hivyo kila mwaka katika kazi zetu.