Tiba ya Vidole Ianzie Jikoni

Mtoto wa miaka sita asiyeweza kufunga vifungo vya sare, anayeshika penseli kwa ngumi na kuchoka kabla mstari haujaisha, kwa kawaida huitwa mvivu. Katika vijiji vinavyozunguka Kapkatet, kando ya barabara ya Kericho kwenda Sotik, mzazi akishatambua kwamba tatizo si uvivu, huamini kuwa dawa yake iko hospitalini tu, katika chumba chenye vifaa, kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo ambaye wengi humwita OT. Mtaalamu huyo anahitajika sana. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tiba yenyewe ni ya nyumbani na darasani, na kuifanyia huko si njia ya mkato ya maskini. Ndiko utafiti unakoelekeza.

Mwaka 2019, Iona Novak na Ingrid Honan wa Australia walichambua tafiti zaidi ya 100 kuhusu tiba hii kwa watoto. Zilizofaulu zaidi ni njia zinazomfundisha mtoto jambo lile lile analolihitaji, katika mazingira yake, huku mzazi akielekezwa. Uchambuzi mwingine, wa Kanada mwaka 2011, ulihusu mwandiko: programu zisizomwandikisha mtoto, au zenye vipindi pungufu ya 20 vya mazoezi, hazikuleta mabadiliko. Hiyo 20 ndiyo ya kutafakari. Mama anayechuma chai tangu alfajiri, kisha akangoja zamu ya kupimiwa majani kituoni, hawezi kulipa nauli ya hospitali mara 20 na kupoteza mavuno ya siku hizo zote. Lakini mwanawe huvaa sare kila siku ya shule, na muhula mmoja una asubuhi zaidi ya 20.

Jikoni nako, tazama kazi ya kuchambua mboga ya sagaa. Mkono mmoja hushikilia shina, mwingine hubana jani kwa kidole gumba na cha shahada, kisha hulivuta. Mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, ncha za vidole zinabana, na nguvu lazima ipimwe, kwa kuwa ukivuta kupita kiasi shina linakatika. Haya ndiyo mambo ambayo vifaa vya kliniki hujaribu kuyaiga. Utaalamu unaingia katika kupima ugumu. Kwa vifungo, mama afunge vyote, abakize kimoja tu, mtoto akimalize mwenyewe. Akikizoea, abakiziwe viwili. Kwa mwandiko, kipande kifupi cha krayoni hufaa kuliko penseli ndefu, maana hakina nafasi ya kushikwa kwa ngumi. Na kama miguu inaning'inia chini ya dawati, tofali la kukanyagia hutuliza kiwiliwili, na mkono nao ukatulia.

Wapo wanaosema atakua tu. Baadhi hukua na kuyashinda, ila asilimia 5 hadi 6 ya watoto wa umri wa shule wana tatizo la kudumu la kuratibu viungo, yaani wawili hivi katika darasa la watoto 40. Nao wakati wa kungoja una gharama: utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 uliona kwamba kati ya asilimia 31 na 60 ya siku ya darasani hutumika kwa kazi za vidole, hasa kuandika. Pingamizi zito zaidi limetoka kwa wanasayansi wenyewe. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yalipata ushahidi wa mazoezi ya aina hii kwa watoto hao kuwa dhaifu. Nalikubali hilo, na linatukataza kuahidi miujiza. Haliipi nguvu zaidi, hata hivyo, njia ya gharama kubwa inayomtenga mtoto na maisha yake ya kila siku. Kuhusu hofu kwamba tutamtwika mtoto kazi za watu wazima, dakika kumi za sagaa pamoja na nyanya yake zinatosha. Akilazimishwa, tiba imekwisha.

Kuna dalili zisizongoja jikoni. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu, aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, au mwenye misuli migumu au legevu mno, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto tangu utotoni, mikono yote miwili ikiwa na nguvu, si mgonjwa na asigeuzwe.

Mtaalamu naye anaweza kusogezwa karibu: kwa Katiba ya Kenya ya 2010, shule za chekechea na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ile ile ya kaunti. Mwalimu wa chekechea na OT wana mwajiri mmoja. Siku moja ya mwezi mtaalamu akiitumia shuleni, mwalimu na wazazi wakiwa kando yake anapomtazama mtoto akiandika, ataondoka akiwa ameacha watu wa kuendeleza mazoezi mpaka atakaporudi, na hakuna mzazi atakayekuwa amelipa nauli.