Namba ya Izigo na Bawabu Aliyepewa Ruhusa

Mkulima wa kata ya Izigo, wilayani Muleba mkoani Kagera, anapopeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, na chama hicho kikawa kinaweka hesabu zake katika kompyuta, jina lake huandikwa pamoja na namba ya kata, na namba hiyo haina maana yoyote isipokuwa imo katika jedwali la kata, ambalo nalo hutaja wilaya, na wilaya ikataja mkoa. Sharti hilo, kwamba namba itajwayo hapa lazima iwe imekwisha kuandikwa kule, ndilo liitwalo ufunguo wa kigeni, nalo lilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa IBM huko California. Hifadhidata hulilinda mithili ya bawabu: mstari usio na asili haupiti.

Walakini ziko nyakati za haki za kumpa bawabu ruhusa. Faili la akiba la hifadhidata ya MySQL aghalabu huanza kwa kuifanya FOREIGN_KEY_CHECKS kuwa 0, yaani kwa kuuzima ulinzi huo, kwa kuwa majedwali hurejeshwa bila kujali lipi linalitegemea lipi, na wakulima huweza kutangulia kata zao.

Taksiri huanza pale amri hiyo inapotumiwa kwa kukwepa usumbufu. Izigo ilikuwa ya Bukoba kabla Muleba haijawa wilaya, na mabadiliko ya namna hiyo hayajakoma, kwani mwaka 2012 wilaya ya Chato ilitolewa Kagera ikatiwa katika mkoa mpya wa Geita. Tuseme basi karani ataka kuipa Izigo namba mpya ya Muleba. Hifadhidata yakataa, maana wakulima wangali wanaitaja ile ya zamani. Naye, badala ya kuagiza tangu mwanzo kwamba namba ya kata ikibadilika ya wakulima ifuate, azima ulinzi, abadili jedwali la kata peke yake, kisha auwashe tena. Hapana kosa litakalotangazwa. Ila siku ya malipo, orodha inayounganisha wakulima na kata zao itatoka bila mtu hata mmoja wa Izigo, ingawa majina yao yote yamo. Na ikiwa namba ile ya zamani itapewa kata nyingine, hali itazidi ubaya, kwa kuwa watahesabiwa kuwa wakazi wa huko.

Wengi hudhani kwamba kuwasha ulinzi ni kukagua. Sivyo: MySQL haiyarudii yaliyoingia wakati wa ruhusa. SQL Server, ambayo naiona ina adabu zaidi katika jambo hili, huliandika sharti lililowashwa bila ukaguzi kuwa si la kuaminika; na SQLite, iliyomo katika simu za watu wengi, kwa kawaida huanza na ulinzi umezimwa.

Mara nyingine hata kuzima hakuna haja. Chama chahitaji mwenyekiti aliye mwanachama, na mwanachama ahitaji chama. Kwa fundo hilo PostgreSQL huruhusu sharti liahirishwe mpaka muamala unapothibitishwa, na hapo lisipotimia yote hubatilika. Aliyelazimika kuzima, na atafute kabla ya kuwasha kila mkulima ambaye namba ya kata yake haimo katika jedwali la kata, akianzia na kata zilizohamishwa wilaya.