Siri ya saa za mamilioni imo ardhini Taita

Msomaji, saa ya betri inayouzwa kwa bei ndogo sokoni Voi huenda ikashika majira vizuri kuliko saa ya Uswisi ya kutia ufunguo. Basi mbona ya Uswisi huuzwa kwa mamilioni? Ni kwa uhaba wake: dhahabu, kazi ya mkono ya miezi mingi, na vito adimu.

Kimojawapo ni tsavorite, jiwe la kijani linalopangwa kuzunguka uso wa saa. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliligundua Tanzania mwaka 1967, kisha akalipata Taita. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ililipa jina la Tsavo. Bridges aliuawa mwaka 2009 katika mzozo wa migodi.

Jiwe safi linalozidi karati 2, yaani gramu 0.4, ni nadra. Kwa hiyo likizidi uzito, hata bei ya kila karati hupanda. Mchimbaji wa Kasigau anayemwuzia dalali kwa kukadiria kwa macho hupunjika hapo. Lipime kwenye mizani, limulike kwa tochi uone nyufa, andika uzito, uliza wanunuzi kadhaa. Mali bila daftari huisha bila habari.