Dakika za Kusubiri: Mizani Ilipochezewa

Mnunuzi wa mahindi huogopa mizani iliyochezewa kuliko bei ya juu. Katika soko la huduma za afya mizani ni saa, na saa hiyo siku hizi imo ndani ya kompyuta.

Australia hugawa wagonjwa wa dharura katika madaraja matano. Wa kwanza huhudumiwa papo hapo, wa pili ndani ya dakika 10, wa tatu 30, wa nne 60 na wa tano 120. Asilimia ya waliohudumiwa kwa wakati hutangazwa, na kuanzia 2012 serikali ya shirikisho iliambatanisha fedha za tuzo na lengo la kumaliza wagonjwa wa dharura ndani ya muda wa saa 4.

Julai 2012 Mkaguzi Mkuu wa jimbo la mji mkuu alitoa ripoti kuhusu Hospitali ya Canberra. Kumbukumbu zinazofikia 11,700 zilielekea kubadilishwa kati ya 2009 na 2012 ili hospitali ionekane inawahi. Ofisa mmoja alikiri kubadili sehemu yake. Kujua nani alibadili zilizobaki kuligonga mwamba: wafanyakazi waliingia kwenye mfumo kwa jina na neno la siri la pamoja. Duka lenye ufunguo mmoja kwa wauzaji wote halishangai kukuta sanduku la fedha limepungua.

Hata hivyo, si kila dakika yenye kasoro ni ya udanganyifu. Daktari humshughulikia mgonjwa, hukimbilia mwingine, na baadaye ndipo huketi kuandika saa kwa kukisia. Dawa yake haina gharama kubwa: mfumo uhifadhi saa iliyoandikwa pamoja na saa ambayo kitufe kilibonyezwa, na kila mtumiaji awe na jina lake. Pengo kati ya saa hizo mbili ndilo la kukaguliwa.

Gumu zaidi ni swali la saa kuanza lini. England ilipohesabu waliosubiri kitanda zaidi ya saa 12, ilianzia pale daktari alipoamua mgonjwa alazwe. Aliyekwisha kukaa saa 9 kabla ya uamuzi huo alianza upya kutoka sifuri, bila mtu yeyote kugusa tarakimu. Takwimu zinazoanzia mgonjwa anapofika zilianza kutangazwa kila mwezi Februari 2023.