Gesi ya Songo Songo: Miaka 50 baada ya kugunduliwa, Kilwa na Lindi zasubiri nini?

KISIWA kidogo cha Songo Songo, wilayani Kilwa, ndiko ilikoanzia safari ya Tanzania ya kutumia gesi asilia. Kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi katika eneo hilo mwaka 1974, lakini ilipita miaka 30 kamili kabla gesi hiyo haijafua umeme jijini Dar es Salaam.

Sasa, zaidi ya nusu karne tangu kugunduliwa kwake, gesi hiyo imefika njia panda. Mkataba wa miaka 20 wa kuuziana umeme kati ya Songas na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) ulifikia ukomo mwaka 2024. Leseni ya uendelezaji wa kitalu cha Songo Songo, iliyotolewa Oktoba 2001, ni ya miaka 25, maana yake muda wake unafikia mwisho Oktoba 2026.

Wakati huo huo, Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limebadili kabisa hesabu za umeme nchini. Aidha, mradi mkubwa wa kusindika gesi ya bahari kuu unaotarajiwa kujengwa Likong'o, Manispaa ya Lindi, umekuwa ukizungumzwa kwa zaidi ya miaka 10 bila ujenzi kuanza.

Kwa mwananchi wa Dar es Salaam, haya ni masuala ya bei ya umeme na hofu ya mgawo. Kwa mkazi wa Kilwa na Lindi, swali ni jingine: rasilimali iliyoko mlangoni pake inamfaa vipi yeye?

Ili kulielewa suala hili, yafaa kurejea nyuma. AGIP iliiona gesi ya Songo Songo kuwa haina faida ya kutosha kibiashara, ikaachana nayo. Serikali, kupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), iliendelea kuchimba visima vingine ili kujua ukubwa wa hazina hiyo. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa kwa kutumia gesi hiyo, chini ya kampuni iliyoitwa KILAMCO. Kiwanda hicho hakikujengwa.

Kilichoirejesha gesi mezani ni ukame. Kwa miaka mingi Tanzania ilitegemea mabwawa kama Kidatu na Mtera. Mvua zilipokuwa haba katika miaka ya 1990, taa zilizimika na viwanda vikasimama. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba nchi inayotegemea maji pekee huishi kwa kutazama mawingu.

Mradi wa Songo Songo ulikamilika mwaka 2004. Gesi hutoka kwenye visima vilivyoko kisiwani na baharini jirani kwa msukumo wake yenyewe. Husafishwa kuondoa maji na vimiminika vingine, kisha husafirishwa kwa bomba lenye urefu wa kilometa 25 chini ya bahari hadi Somanga Fungu. Kutoka hapo, bomba la kilometa 207 huipeleka nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam, ambako mitambo iliyokuwa ikitumia mafuta ya gharama kubwa ilibadilishwa ili itumie gesi.

Kiasi fulani cha gesi hiyo kiliuzwa kwa bei maalumu ya chini kwa ajili ya mitambo ya Songas na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Gesi iliyozidi iliuzwa kwa wateja wengine na kampuni ya PanAfrican Energy, kwa mkataba wa kugawana mapato na TPDC. Utaratibu wa bei maalumu ulimalizika Julai 2024, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu unafuu huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosaidia kupunguza gharama za kufua umeme nchini.

Hata hivyo, kuwa na gesi ardhini si sawa na kuwa na umeme nyumbani. Mwaka 2006 ukame uliirejesha nchi kwenye mgawo mkali, kwa kuwa mitambo ya gesi iliyokuwepo haikutosha kuziba pengo la mabwawa. Ndipo lilipozaliwa sakata la mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, lililomfanya Waziri Mkuu, Edward Lowassa, ajiuzulu Februari 2008. Mgawo ulirejea tena mwaka 2011.

Jibu la Serikali lilikuwa bomba la pili, kubwa zaidi, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililogharimu dola za Marekani bilioni 1.225 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Bomba hilo lilizinduliwa Oktoba 2015 na Rais Jakaya Kikwete, na lina uwezo wa kusafirisha futi za ujazo milioni 784 za gesi kwa siku. Mitambo ya kusafisha gesi ilijengwa Madimba, Mtwara, na mingine Songo Songo. Tangu lizinduliwe, sehemu kubwa ya uwezo wa bomba hilo imebaki bila kutumika.

Bomba hilo halikupokewa kwa mikono miwili na kila mtu. Januari na Mei 2013 zilitokea vurugu mkoani Mtwara, wananchi wakihoji kwa nini gesi isafirishwe kwenda Dar es Salaam kabla mikoa ya kusini haijaona viwanda. Hoja hiyo haikuishia Mtwara. Kilwa ilikuwa imeshaishi nayo kwa takriban miaka tisa.

Je, Kilwa imepata nini? Ni kweli kwamba kisiwa cha Songo Songo kilipata umeme kutokana na mradi huo, na TANESCO ilijenga kituo cha megawati 7.5 Somanga Fungu kinachotumia gesi. Halmashauri ya Wilaya nayo imekuwa ikipata ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini Lindi na Mtwara zilikaa nje ya Gridi ya Taifa kwa muda mrefu, ilhali gesi yao ikiwasha taa za mikoa iliyo mbali nazo.

Aidha, bomba linasafirisha gesi, halisafirishi ajira. Viwanda vilivyofaidika vilikuwa Dar es Salaam, kwa sababu ndiko walikokuwa wateja. Wazo la kiwanda cha mbolea Kilwa Masoko lilifufuliwa katika muongo uliopita, nalo likakwama.

Kinachoshangaza zaidi kimo jikoni. Familia nyingi za Tanzania bado zinapikia kuni na mkaa, na misitu ya Kilwa ni miongoni mwa inayochangia mkaa unaotumika Dar es Salaam. Hivyo barabara ile ile inayofuatana na bomba la gesi hupitisha malori ya mkaa kuelekea kaskazini. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwa hotuba. Linahitaji mitungi, mabomba ya mitaani na bei ambayo mwananchi wa kawaida ataimudu.

Kilwa pia ina kumbukumbu ya ahadi nyingine ya nishati. Kampuni ya BioShape ya Uholanzi ilikuja katika miaka ya 2000 kulima mibono kwa ajili ya mafuta ya mimea, katika eneo la vijiji kikiwemo Mavuji. Kampuni hiyo ilifilisika, mashamba yakaachwa, na vijiji vikabaki na mzozo wa ardhi.

Kwa sababu hiyo, wakazi wa Lindi wana haki ya kuuliza kwa makini kuhusu Likong'o. Gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57.54, nyingi ikiwa chini ya bahari kuu. Ili iuzwe ng'ambo kwa meli, lazima ipoozwe hadi nyuzi joto 162 chini ya sifuri, ambapo hugeuka kimiminika na ujazo wake hupungua takriban mara 600. Mtambo wa kazi hiyo ni wa gharama kubwa mno: makadirio ya mradi mzima yamefikia dola bilioni 42.

Wawekezaji wakuu ni Shell na Equinor pamoja na washirika wao. Januari 2021 Equinor ilipunguza thamani ya mradi huo katika vitabu vyake kwa dola milioni 982. Juni 2022 yalisainiwa makubaliano ya awali jijini Dodoma, lakini hadi mwaka 2025 mkataba wenyewe ulikuwa bado kusainiwa. Jirani zetu wa Msumbiji, licha ya vita vya Cabo Delgado, walisafirisha shehena yao ya kwanza Novemba 2022 kutoka mtambo unaoelea wa Coral Sul.

Upande wa umeme, picha imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na wa mwisho mwaka 2025. Mahitaji ya juu ya nchi mwanzoni mwa mwaka huo yalikuwa chini ya megawati 2,000. Kabla ya hapo, gesi ilikuwa ikizalisha zaidi ya nusu ya umeme wa Gridi ya Taifa.

Je, gesi imepoteza umuhimu? La hasha. Mvua zikikosekana, Rufiji nayo hupungua. Zaidi ya hayo, viwanda vinahitaji joto, magari yanaweza kutumia gesi badala ya petroli, na jikoni kuna soko ambalo halijaguswa. Tatizo la leo si uzalishaji pekee bali pia usafirishaji: Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa mbali hupotea njiani.

Ikumbukwe pia kwamba visima hukauka. Kiliwani Kaskazini, jirani na Songo Songo, kilianza kuzalisha Aprili 2016, lakini ndani ya takriban miaka miwili uzalishaji ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo, suala la leseni ya Songo Songo si la wanasheria na wahasibu peke yao. Masharti ya kuendeleza kitalu hicho ndiyo mahali pa kuamua ni gesi kiasi gani itabaki kwa matumizi ya Kilwa, kwa bei gani, na kwa ajili ya nini: mbolea, majokofu ya bandari ya uvuvi iliyoanza kujengwa Kilwa Masoko mwaka 2023, au majiko ya wananchi. Yasipoandikwa wakati wa mkataba, itakuwa vigumu kuyadai baadaye, na kisima hakitasubiri miaka 50 mingine.