Safari ya Wawili Hadi Chemchemi ya Mzima

Mwanamke wa mwambao husafiri sana, lakini ukimuuliza alikokwenda mwaka huu atakuhesabia matanga ya Malindi, harusi ya Lamu na mgonjwa aliyelazwa Nairobi. Kila safari ni ya kumhudumia mtu. Safari ya kutazama tu, mume akiwa ubavuni, wengi wetu tumewaachia wageni washukao kwenye uwanja wa ndege wa Moi, ilhali mbuga ya Tsavo i karibu nasi kuliko Nairobi.

Mama watoto, baada ya kumwoza binti yetu wa mwisho, alisema hataki leso wala dhahabu. Alitaka aonyeshwe yatokako maji ya bomba lake.

Tuliondoka Mombasa baada ya Swala ya Alfajiri, wawili pekee, na kikapu cha mahamri na mbaazi. Maji ya kunywa tuliyatia katika chupa za bati, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zimepigwa marufuku katika mbuga zetu. Katika daraja la mto Tsavo nilimsimulia habari za simba wawili wa mwaka 1898, madume wasio na manyoya ya shingoni, waliowavamia wajenzi wa reli usiku hadi kazi ikasimama. Mhandisi Patterson aliwaua wote wawili mwezi wa Disemba, na leo wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Chicago. Mama watoto hakushughulika na Patterson. Aliwaombea rehema wajenzi wale, wengi wao Wahindi, na wake zao waliobaki ng'ambo ya bahari wakingoja barua.

Tuliingia kwa lango la Mtito Andei. Hapo kiingilio hakilipwi kwa pesa taslimu, basi msomaji ajitayarishe kwa simu. Punde tukawaona ndovu, wekundu kama matofali kwa vumbi la ardhi ile wanalojimwagia. Kundi la ndovu huongozwa na jike mzee, naye ndiye akumbukaye mahali pa maji wakati wa ukame. Madume wakishabaleghe huondoka wakaishi kando. "Kumbe hata huku mambo ni ya nyanya," akasema mama watoto, nami nikashughulika na usukani.

Mzima ni jambo jingine. Umetoka katika nyika kavu yenye mawe meusi ya volkano, mara unakuta mitende, kivuli, na maji maangavu ambamo wamo viboko na mamba. Mvua hunyesha juu ya milima ya Chyulu, ambayo haina mto hata mmoja; maji yote huzama katika majivu na mawe ya volkano, yakasafiri chini kwa chini, yakachujwa, kisha yakabubujika hapa, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Sehemu yake huingia katika bomba na kuteremka zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Yaliyobaki humiminika mto Tsavo, kisha Galana, ambao sisi twauita Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi.

Mama watoto alisimama muda mrefu bila kunena. Kisha akasema, "Maji yote haya, baba, nami nangoja mkokoteni wa madumu?"

Swali lile si la mke wangu peke yake. Bomba lile lilijengwa zaidi ya nusu karne iliyopita, kwa mji mdogo kuliko huu wetu. Lakini liko jingine lisilotajwa sana jikoni. Msitu wa juu ya Chyulu ndio unaonasa ukungu na mvua, na msitu huo hukatwa kuchomwa makaa. Anunuaye gunia la makaa asiyejua asili yake huenda anaunguza maji yake mwenyewe.

Adhuhuri na Alasiri tuliziswali pamoja, kwa kupunguza, pale paruhusiwapo kushuka garini, askari wa wanyamapori akitulinda kwa bunduki yake. Udhu tulitawadha kwa maji ya chupa. Hakuna aliyependekeza kuteremka mtoni kwa mamba.

Kuna pia chumba kilichozama majini, chenye madirisha ya kioo, watu hutazama samaki wakipita. Mama watoto aliketi humo hadi nikaenda kumwita mara mbili. Sasa amewasimulia wanawake wa darsa yake, nao wanataka kwenda baada ya mvua za vuli. Matatu waliyoikodi ina viti 14, na majina yamekwisha fika 19.