Dawa ya Kung'arishia Pikipiki: Itengeneze, Lakini Usiitie Katika Chupa ya Soda



Ukifika Pasua asubuhi, upande wa chini wa mji wa Moshi, utawaona vijana wa bodaboda wakifuta pikipiki zao. Wengine wameshuka kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi. Wakati wa masika barabara za huko juu ni tope jekundu. Tope hilo linashika rimu, spoku, ekzosi na madigadi. Abiria hapendi kupanda pikipiki chafu. Kwa hiyo kijana anataka chuma chake king'ae.

Dawa ya dukani ipo, lakini ina bei kwa mtu ambaye bado anatafuta pesa ya mafuta. Ndiyo maana wengi wanatengeneza dawa yao wenyewe. Mimi sioni ubaya. Hata mimi ninayo baiskeli, na dawa nitakayoieleza hapa ndiyo ninayoitumia. Lakini mimi ni mtu wa zahanati. Ninaona mambo ambayo muuza duka hayaoni.

Siku moja mama alikuja mbio akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Baba yake alichanganya mafuta ya taa na unga wa kusugulia. Akatia katika chupa ya soda, akaiacha karibu na mlango, akaenda kazini. Mtoto anaijua chupa ya soda. Akanywa. Mama alitaka kumwokoa mwanawe. Alimnywesha maziwa, kisha akamtia kidole kooni atapike. Mtoto akatapika. Alipofika kwetu alikuwa anakohoa, anapumua upesi upesi, na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Tulimpeleka hospitali ya Mawenzi kwa gari la kukodi. Alikaa siku kadhaa akipewa hewa ya oksijeni. Alipona.

Nitarudi kwenye habari ya kumtapisha, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Kwanza tuieleze dawa yenyewe.

KWA NINI CHUMA KINANG'AA?

Tazama maji ya mfereji yaliyotulia. Unaona uso wako. Tupa jiwe. Mawimbi yanakuja, na uso wako hauonekani tena. Chuma ni vivyo hivyo. Kikiwa laini, mwanga unakipiga na kurudi sawasawa, nacho kinang'aa. Kikiwa na mikwaruzo, mwanga unatawanyika, nacho kinafifia.

Kwa hiyo dawa ya kung'arishia ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuondoa uchafu, mafuta na kutu. Ya pili ni kusugua kwa unga laini sana, ili mikwaruzo iwe midogo mpaka jicho lisiione. Dawa za kiwandani nazo zinafanya hivyo hivyo. Wazee wetu waliokuwa askari wanaikumbuka Brasso, ile ya kusugulia vifungo vya shaba. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1905. Ndani ya dawa za namna hiyo mna unga laini, mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa, na kitu cha namna ya sabuni. Hakuna uchawi.

Unga huo unatoka wapi? Mwingine ni udongo mweupe kama ule uliochimbwa kwa miaka mingi huko Kariandusi, karibu na Gilgil, nchini Kenya. Ukiutazama udongo huo kwa darubini, utaona kuwa ni maganda ya mimea midogo mno iliyoishi majini zamani sana. Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Chaki ya shule inatosha.

Lakini mchanga usiutumie, hata ukiuchekecha. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha pikipiki. Inachimba mifereji. Leo kinang'aa kidogo, kesho kimefifia kuliko kwanza. Tena vumbi lake likivutwa kila siku linaharibu mapafu, nayo hayarudi kuwa kama zamani. Stilwaya na msasa pia viache. Ile kroma unayoiona juu ya rimu au ekzosi si chuma kizima. Ni ngozi tu juu ya chuma, nyembamba sana kuliko unywele wako. Ukiikwangua, kutu inatoka chini na haikomi.

VITU VYA KUOGOPA

Wapo wanaosugua rimu kwa maji makali ya betri. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia choo. Ni kweli kutu inatoka upesi. Lakini ile ngozi ya kroma inaliwa, na tone moja likiruka jichoni linaweza kukupofusha. Jambo baya zaidi ni kuchanganya dawa ya choo na Jiki. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu inayochoma koo na mapafu. Usivichanganye kamwe, hata nje ya nyumba.

Kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, nayo iache. Inachoma ngozi, na mtoto akiimeza inatoboa koo lake. Kwa aluminiamu haifai kabisa. Akina mama wanajua. Sufuria ya aluminiamu iliyopikiwa maharage kwa magadi inakuwa nyeusi ndani. Magadi na majivu ya migomba yanafanya hivyo, na kostiki inafanya vibaya zaidi. Rimu nyingi za siku hizi na bloku ya injini ni aluminiamu.

Magadi yana kazi moja nzuri tu hapa. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, yeyusha kijiko cha magadi katika kikombe cha maji ya moto. Pakaa kwa mswaki mkuukuu. Povu likitoka, jua kuwa asidi inakufa. Suuza. Angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Baadaye nawa mikono kwa sabuni, maana vichwa vya betri ni vya risasi, na risasi inadhuru akili za watoto. Usiende kumshika mtoto wala kula kabla ya kunawa.

Petroli nayo si ya kusafishia. Inashika moto hata kama jiko liko mbali, kwa sababu mvuke wake unatambaa chini. Na tukiwa hapo hapo: acheni kufyonza petroli kwa mdomo na mpira. Watu wazima wanaoletwa kwetu kwa sababu hiyo ni wengi kuliko mnavyodhani, na wote wanasema walifanya mara moja tu.

JINSI YA KUTENGENEZA

Tafuta chaki nyeupe za shule. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu na uziponde kwa jiwe, ili vumbi lisiruke. Zianike, kisha chekecha kwa kitambaa chepesi, taratibu, huku umejifunga kitambaa puani. Ukisugua unga huo kati ya vidole usihisi chembe yoyote. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba badala ya chaki. Zote ni nyeupe, lakini chokaa hiyo inachoma macho.

Kuna sabuni ya mche. Chukua kijiko kimoja cha chakula, uiyeyushe katika vijiko vinne vya maji ya moto. Sasa ondoka jikoni. Nenda nje, mbali na moto na sigara. Ngoja maji ya sabuni yawe vuguvugu. Ndipo utie vijiko viwili vya mafuta ya taa, kidogo kidogo, huku unakoroga. Vitashikana na kuwa vyeupe kama maziwa. Mwisho tia vijiko vinne vya unga wa chaki na ukoroge mpaka iwe kama uji mzito. Ikiwa nyepesi, ongeza unga. Ikikaa, maji hujitenga, kwa hiyo ikoroge tena kabla ya kutumia.

Kijiko na chombo ulichotumia visirudi jikoni tena. Vifanye kuwa vya kazi hii.

Tengeneza kidogo, ya kazi ya siku hiyo au wiki hiyo. Hiki ni kinga kuliko maneno yangu yote. Dawa ambayo haipo nyumbani haimdhuru mtoto.

JINSI YA KUTUMIA

Osha tope kwanza kwa maji mengi na sabuni. Tope lina mchanga. Ukipaka dawa juu ya tope, unasugua kwa mchanga. Acha pikipiki ipoe, maana mafuta ya taa kwenye ekzosi ya moto ni moto. Zima injini. Hili nalisema kwa sababu wapo wanaowasha injini, wanaweka gia, tairi linazunguka, nao wameshika kitambaa. Cheni inavuta kitambaa, na kitambaa kinavuta vidole. Vidole vilivyopita kati ya cheni na meno yake sisi hatuwezi kuvirudisha.

Paka kidogo kwa kitambaa laini, kwa mfano fulana kuukuu. Sugua sehemu ndogo kwa mizunguko. Kitambaa kitakuwa cheusi. Hiyo ni dalili njema. Futa kwa kitambaa kingine kikavu, kisha malizia kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya mashine. Mafuta hayo yanazuia maji, na bila maji kutu haianzi.

Kama kroma ina madoa ya kutu, kuna njia ya bei ndogo zaidi. Chukua karatasi ya foili, ile wanayofungia chipsi. Ikunje, ichovye katika maji, kisha sugua. Foili ni laini kuliko kroma, kwa hiyo haiikwangui, lakini kutu inaondoka. Mimi nilishangaa nilipoona mara ya kwanza.

Sasa sikiliza vizuri. Usipake dawa hii, wala mafuta yoyote, kwenye diski ya breki au mahali breki inaposhika. Diski inang'aa yenyewe, na kijana anapenda ing'ae zaidi. Lakini breki inafanya kazi kwa kukwaruza. Ukiipaka mafuta inateleza. Fikiria uko juu Kibosho, umebeba mama na ndoo ya maziwa, na barabara inashuka mpaka Moshi. Ukikosea na dawa ikafika hapo, usiendeshe. Mpelekee fundi aisafishe.

Mikono nayo inaumia polepole. Mafuta ya taa yanakausha ngozi mpaka inapasuka. Vaa mfuko wa nailoni mikononi kama huna glavu. Ukimaliza, nawa kwa maji na sabuni, si kwa petroli.

KUHIFADHI

Wewe umejifunza kusoma. Chukua kalamu, andika SUMU kwa herufi kubwa juu ya chombo. Ni vizuri, maana mkeo, mumeo na jirani watajua. Lakini mtoto wa miaka miwili hasomi. Yeye anasoma chupa. Chupa ya soda inamwambia soda. Chupa ya maji inamwambia maji. Kwa hiyo tumia chombo ambacho hakijawahi kuwa cha chakula wala kinywaji, kwa mfano kopo la rangi lenye kifuniko kigumu. Kiweke juu ya dari au kwenye sanduku lenye kufuli. Vitambaa ulivyotumia viweke mbali na jiko.

MTOTO AKINYWA

Watu wanafikiri sumu ikiingia lazima itoke kwa mdomo. Kwa mafuta ya taa sivyo. Tumboni hayadhuru sana. Hatari yake ni mapafu. Mafuta ya taa ni mepesi, yanateleza kuliko maji. Kila yanapopita kooni yanaweza kuingia njia ya hewa. Mtoto alipokunywa yalipita mara moja. Ukimtapisha, yanapita mara ya pili.

Basi usimtapishe. Usimtie kidole. Usimpe maziwa, wala mayai, wala maji ya chumvi, wala mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa na umwoshe mwili kwa sabuni. Mbebe akiwa amekaa, uje zahanati au hospitali mara moja, hata kama anacheza na kucheka. Kohozi na homa vinaweza kuanza baada ya saa kadhaa, na sisi hukaa tukimtazama kwa saa 6 au zaidi kabla ya kumruhusu. Kama amemeza kostiki au asidi, hapo pia usimtapishe, maana kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda.

Dawa ikiingia jichoni, mlaze mtu kwa upande wa jicho hilo, ulifungue kwa vidole, umwagie maji safi kwa dakika 20. Anza hapo hapo ulipo, ndipo uje kwetu. Usitie maziwa ya mama wala majani. Asidi ikimwagika mwilini, vua nguo na umwagie maji mengi. Usipake dawa ya meno.

Na unapokuja, njoo na chombo chenyewe na kilichobaki ndani yake. Yule mama alikuja bila chupa. Tulimwuliza mtoto amekunywa nini, akasema, "Dawa ya pikipiki." Ilibidi mtu atumwe Pasua kwa baiskeli kwenda kuuliza ndani yake mlikuwa na nini.